Zimeni Spika, Wapeni Watu Kayamba

Siku ya afya ya mtaa huwa na sura moja karibu kila mahali. Turubai limefungwa uwanjani, viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari, spika mbili ndefu kuliko mtu zimesimama mbele, na mshereheshaji anatangaza kwa sauti inayofika mtaa wa pili. Watu wanapima presha na sukari, wanasikiliza hotuba, wanachezea simu, wanasubiri soda. Muziki upo tangu asubuhi, lakini unawapita tu juu ya vichwa. Kama mpo kwenye kamati ya shughuli ya namna hiyo, nawasihi: tengeni dakika arobaini, zimeni spika, pangeni viti kwa duara na wagawieni watu vitu vya kupiga. Moyo uliochoka hupata nafuu pale mwenye moyo huo anapoitikia.

Pwani yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Kwa Wamijikenda, kayamba hupigwa kwa ajili ya mgonjwa, na ndugu na majirani humzunguka wakiimba. Mwaka 1992 John Janzen alichapisha kitabu kizima kuhusu ngoma kama taasisi ya tiba, akizifuata kutoka Kinshasa na Dar es Salaam hadi Cape Town. Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani nayo ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu mchango wa sanaa katika afya. Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni mdogo: Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, waliokuwa Leipzig, walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wa miaka miwili na nusu hadi minne na nusu hushika pigo vizuri zaidi wanapopiga ngoma pamoja na mtu kuliko wanapofuata mashine au sauti ya spika. Mtoto anataka mwenzake, na mtu mzima hajabadilika sana katika hilo.

Tafuteni kwanza sogora, na mchagueni kwa masikio yake kabla ya mikono yake. Mpigaji hodari anayependa kutazamwa atawageuza watu kuwa watazamaji tena. Mnayemtaka ni yule anayeweza kushika pigo moja jepesi kwa robo saa bila kuona haya, huku akiangalia nani bado hajaingia. Vikundi vya ngoma vya mtaani vina watu wa aina hiyo. Wapo pia waliopita chuo cha sanaa cha Bagamoyo au Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, Unguja. Mlipeni. Sahani ya wali na soda si malipo ya kazi ya mtu.

Kaeni naye mapema mkubaliane mapigo yatakayotumika. Hapa kamati nyingi hazifikirii, na ndipo penye uzito. Kuna mapigo ya unyago ambayo ni siri ya wanawake na hayapigwi mbele ya hadhara. Kuna mapigo ya pepo, na mtu aliyewahi kuchezewa anaweza kupandisha palepale uwanjani, mbele ya watoto na wageni. Yaacheni yote hayo kwa wenyewe na kwa mahali pake. Chukueni ya michezo ya watoto, ya kutwanga, ya kuvuta nyavu, ya harusi. Mkifanya hivyo, shehe na mchungaji wote wataweza kukaa kwenye duara bila wasiwasi.

Vyombo havihitaji bajeti kubwa. Kwa watu arobaini, ngoma mbili za kweli zinatosha, vumi na chapuo, zikiwa mikononi mwa wanaozijua. Wengine wote wapewe vitu visivyo na namna ya kukosea: kayamba, manyanga, vijiti viwili vya kugonganisha, debe, njuga za vizibo vya soda vilivyotungwa kwenye waya. Chupa ya maji ya nusu lita ikitiwa mchele kidogo hutoa sauti laini ya kupendeza. Mahindi huchachamaa mno, hasa chupa zikiwa nyingi. Mkipata fundi wa muziki wa kidumbak aje na sanduku lake, hiyo ni bahati. Sanduku la mbao hupinduliwa, kamba moja hutoka kwenye kitako chake hadi ncha ya fimbo, na mpigaji huikaza kamba kwa kuivuta fimbo huku akiidonoa. Kila mtoto hutaka kujaribu. Na kama pana kiziwi kwenye duara, mwekeni karibu aweke viganja juu ya mbao. Mtetemo utamfikia, naye ataingia kwenye pigo pamoja na wengine.

Msizikanze ngoma nyuma ya jengo. Asubuhi yenye unyevu ngozi hulegea na sauti hufa, kwa hiyo washeni moto wa makuti makavu katikati ya uwanja. Sogora ataiinamisha ngoma, ataizungusha taratibu asiiunguze ngozi, ataigonga kwa kidole, atasikiliza, atairudisha tena motoni. Sauti hupanda kidogo kidogo hadi inalia. Kufika hapo watoto wamekwisha kusogea, na nyuma yao mama zao. Duara limeanza bila tangazo.

Anzeni na makofi peke yake, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mapigo ya moyo uliotulia ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kaeni upande wa chini kwanza. Msiwaambie watu kwamba sasa mnawatibu. Mtu akiambiwa hivyo huanza kujichunguza, na mchezo unaharibika. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, arushe neno moja, watu walirudishe. Kisha kila mmoja ataje jina lake ndani ya pigo, na duara zima liliimbe jina hilo mara mbili. Msiliharakishe hili hata kidogo. Nimemwona bibi ambaye mtaa mzima humwita kwa jina la mwanawe wa kwanza akitaja jina lake mwenyewe la usichana, na watu thelathini wakalirudisha kwake kwa makofi. Alicheka hadi akaushika mkono wa jirani yake. Asiyetaka kusema agonge tu kijiti chake, na mlio huo uitikiwe kwa heshima ileile.

Pigo likishashika, lipandisheni, halafu likateni ghafla. Manju akiinua mkono, kimya. Kayamba itakayochelewa kunyamaza italeta kicheko, na kicheko hicho kinahitajika sana. Rudieni mara tatu nne, kila mara mahali wasipotarajia. Baadaye chezeni mvua: ncha za vidole kwenye kiganja, kisha makofi, kisha mapaja, kisha miguu chini, halafu mrudi nyuma kwa mpangilio uleule hadi manyunyu. Mwisho fungeni midomo mvumishe sauti moja ndefu kwa kila pumzi. Pumzi ya kutoka ikirefuka, mwili hutulia wenyewe.

Chungeni masikio. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kwa kumbi na matamasha inaweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na madebe ishirini chini ya paa la bati yanaweza kupiga kelele isiyofaa. Kaeni chini ya mwembe. Ikiwa mtu aliye umbali wa mkono hawezi kukusikia bila wewe kupaza sauti, punguzeni. Wachanga wasikae karibu na vumi, na mtoto mwenye usonji awe na kona yake tulivu, aingie na kutoka apendavyo.

Duara hili halichukui nafasi ya dawa, wala ya mtaalamu wa tiba ya muziki, ambaye humfuatilia mgonjwa kwa mpango na kwa muda. Lakini litafungua vifua. Karibu kila mara yupo atakayelia, mara nyingi wakati wa kuvumisha. Msisimamishe ngoma, msimpelekee kipaza sauti, na simu za kupiga picha zikatazwe tangu mwanzo. Teueni mapema mama mtu mzima mwenye busara aende akae naye, bila maswali. Kwa sababu ni siku ya afya, mhudumu anayeshughulikia sonona na msongo wa mawazo yupo au anaweza kuitwa. Meza yake iwekwe hatua chache kutoka kwenye duara, mgongo wa mwenye kuketi ukielekea umati, ili anayetaka kusogea asivuke uwanja mzima akitazamwa.