Kuzima ufuatiliaji wa kerneli

SWALI: Fundi aliwasha ftrace (mfumo wa kufuatilia kerneli) kwenye seva yetu ya Linux dukani Ujiji akitafuta hitilafu, kisha akaondoka. Sasa mashine ni nzito. Niizimeje ftrace?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ingia kama root, uandike:

echo 0 > /sys/kernel/tracing/tracing_on

Kerneli itaacha kurekodi, lakini usiishie hapo. Kifuatiliaji chenyewe bado kimeshikilia fanksheni za kerneli na kinaendelea kula prosesa. Huo ndio uzito unaouona. Kama fundi atahitaji rekodi, nakili kwanza faili la /sys/kernel/tracing/trace, maana hatua inayofuata huifuta:

echo nop > /sys/kernel/tracing/current_tracer
echo 0 > /sys/kernel/tracing/events/enable

Kutanguliza sudo mbele ya echo hakusaidii, kwa sababu alama ya > hutekelezwa na sheli yako isiyo na mamlaka. Tumia sudo tee. Ikiwa programu ya trace-cmd imo kwenye mashine, sudo trace-cmd reset huzima vyote. Amri ya trace-cmd stop husitisha kurekodi tu.