Mtoto Akizaliwa Amefariki: Haki Yenu ya Kupata Cheti Chake

Somo la leo ni zito, lakini ni lazima tulizungumze.

Nyumbani, nilikosomea ukunga, mtoto aliyezaliwa amefariki mara nyingi huzikwa haraka na wazee, mama huambiwa "usilie, utapata mwingine", na habari huishia hapo. Hapa Uingereza sheria inamtambua mtoto huyo. Ni lazima aandikishwe, na ninyi wazazi mna haki ya kupata cheti chenye jina lake. Maelezo yafuatayo ni ya England na Wales; Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

1. NI MTOTO YUPI ANAANDIKISHWA?

Ni yule aliyezaliwa bila uhai baada ya mimba kutimiza wiki 24. Mtoto akizaliwa hai, hata akivuta pumzi dakika moja tu, kwa wiki yoyote ile, huandikishwa mara mbili: kuzaliwa na kufa.

Mimba ikitoka kabla ya wiki 24, usajili wa kisheria haupo. Lakini tangu Februari 2024 wanaoishi England wanaweza kuomba bure cheti cha kumbukumbu kiitwacho Baby Loss Certificate. Si lazima, na si hati ya kisheria, ila kinawafariji wengi.

2. HATUA ZA KUFUATA

a) Daktari au mkunga atawapa cheti cha hospitali. Msiondoke kabla ya kuuliza mtakipata lini na kitafikaje kwa msajili.

b) Wekeni miadi na ofisi ya usajili. Mna siku 42 tu. Kuandikisha ni bure. Mnalipia nakala za cheti.

c) Mtaulizwa majina yenu, mlikozaliwa na kazi zenu. Aina ya viza yako haikunyimi haki hii.

d) Mwambieni msajili jina la mtoto, kama mmempa. Kagueni kila herufi kabla ya kutia sahihi, maana kusahihisha baadaye ni usumbufu.

Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani mapema, hospitalini na kwa msajili. Usimtumie mtoto wako kutafsiri habari hizi.

3. JINA LA BABA

Hapa wengi wetu hukwama. Wenye ndoa ya kisheria, mmoja anaweza kwenda peke yake. Ndoa iliyofungwa kihalali Kenya au Tanzania kwa kawaida hutambuliwa. Lakini nikahi iliyosomwa hapa Uingereza bila kuandikishwa serikalini haihesabiwi. Katika hali hiyo, nendeni wote wawili. Mama akienda peke yake, bila hati ya tamko la baba, jina la baba halitaandikwa.

4. MAZISHI

Msajili ndiye anayetoa kibali cha kuzika. Kama mnataka kuzika upesi, mwambieni mkunga siku hiyo hiyo ili awasiliane na ofisi mapema. Katika England, tangu 2019 kuna mfuko wa serikali unaolipa ada za maziko ya watoto, pamoja na hawa waliozaliwa wamefariki baada ya wiki 24, bila kujali kipato cha wazazi.

5. CHETI NA KAZI

Baada ya wiki 24, mama mwajiriwa ana haki ya likizo ya uzazi kama aliyejifungua mtoto hai. Malipo hutegemea muda aliofanya kazi na mshahara wake. Malipo ya uzazi ya mwajiri hayahesabiwi kuwa msaada wa serikali uliokatazwa kwenye viza, basi msiogope kuyadai. Na tangu Aprili 2020, kila mzazi mwajiriwa anaweza kupata wiki mbili za likizo ya msiba. Wekeni nakala ya cheti.

6. WALIOFIWA ZAMANI

Watoto hawa wameandikishwa England na Wales tangu 1927. Kama wako aliandikishwa lakini huna cheti, andika General Register Office. Rejesta hii haiko wazi kwa kila mtu. Wanaopewa nakala ni mama au baba, na ndugu wa mtoto ikiwa wazazi wote wameshafariki.

Kina baba, msimwachie mama karatasi hizi peke yake wakati maziwa yanamjaa na mikono yake mitupu. Shangazi, mama wadogo na majirani, msindikizeni.

Mungu awape subira wote waliofiwa. Tukutane katika somo lijalo.