Maji ya Malisho Yaenda Wapi?

Ninyi wenye ng'ombe katika milima ya Mahagi na Nioka, mvua ikipungua mwezi wa Desemba mwajiuliza: udongo una maji ya siku ngapi? Mwenye kukosea hesabu huuza ndama upesi kwa bei ndogo, au hungoja mpaka wakonde.

Watu wengi hupima kwa karai la maji lililowekwa juani. Hutia kijiti chenye alama, na kesho hutazama maji yameshuka kiasi gani. Kazi hii ni rahisi, na vituo vya hali ya hewa huifanya hata leo. Lakini karai halina mizizi. Laonyesha kiu ya hewa tu. Majani yakikosa maji hufunga vinywa vyao vidogo. Karai halijui kufunga. Tena ndege hunywa humo, basi lifunike kwa wavu.

Wachimbaji wa Kilo hawauzi dhahabu kwa kuitazama; huitia katika mizani. Fanyeni vivyo hivyo kwa majani. Twaa debe la lita 20. Kata kipande cha ardhi pamoja na majani yake, usiuvunje udongo, ukitie ndani. Chimba shimo la kulitosha, mdomo wa debe ulingane na ardhi, maana likikaa juu jua hupiga ubavu wake na kipimo hudanganya. Kila siku ya tano litoe, lipanguse, ulipime. Mdomo wa debe una sentimita 23 hivi kila upande, kwa hiyo gramu 55 zilizopungua ni karibu milimita 1 ya maji. Likipungua kilo 1 na gramu 100 kwa siku tano, majani yamepoteza milimita 4 kila siku. Si kidogo: milimita 1 tu juu ya hektari ni lita 10,000.

Kosa la debe ni kuifunga mizizi. Majani ya malishoni hushuka chini kutafuta maji. Ya debe hugonga bati. Yakianza kunyauka mbele ya wenzao, acha.

Hapo jembe ndilo hakimu. Chimba kina cha sentimita 20, 50, na mita 1. Pima udongo, ukaushe juu ya bati kwa moto mdogo mpaka uzito usipungue tena, upime mara ya pili. Rudia baada ya majuma mawili. Ni kazi ya jasho, na shimo moja halitoshi, kwa kuwa udongo wa bondeni si wa kilimani.

Mwaka 1948 Mwingereza Howard Penman alitoa hesabu ya kukisia maji hayo kwa jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Siku hizi wataalamu husimamisha minara ya kupima mvuke unaopaa. Kijijini debe latosha.

Tuseme udongo umebakiwa na milimita 60. Karai lasema milimita 6 kwa siku, yaani siku kumi. Debe lasema 3, yaani siku ishirini. Aliyefuata karai ameuza ndama wake siku kumi mapema. Zikeni debe mwezi wa Novemba, udongo ungali laini.