Hofu ya Kodi na Kinga ya Korona

Tuanze na kirusi chenyewe. Aliyeambukizwa korona hukaa kama siku 5 kabla ya kuhisi dalili, na siku moja au mbili kabla hazijatokea tayari anaweza kuwaambukiza wengine. Maana yake ni kwamba kinga humtaka mtu achukue hatua akiwa bado anajiona mzima, na ikifanya kazi vizuri, hakuna kinachoonekana. Kinachoonekana ni gharama yake, na gharama hulipwa leo.

Nairobi ya mwaka 2020 iliijua gharama hiyo. Katika mitaa isiyo na mifereji, kila kunawa kulitoka kwenye mtungi wa lita 20 ulionunuliwa. Kibarua wa mjengo hulipwa jioni. Asipokwenda, jioni haina chakula. Kafyu ilipoanza Machi 27, saa 1 jioni ilimkuta mama mboga ndipo tu wateja wake wanatoka kazini.

Lakini pesa yenyewe ni nusu tu ya maelezo ya kwa nini kinga humshinda mtu. Sehemu ya akili inayoshika mambo ya sasa, kuyapima na kumzuia mtu asikurupuke ina nafasi ndogo sana. Deni la mwenye nyumba likiingia humo halitoki kwa kuamriwa. Mwaka 2013, Anandi Mani na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri alipokuwa hana kitu kuliko alipokwisha kulipwa. Na kwa kuwa mavuno hayakuwafikia wote wakati mmoja, majira hayakuweza kulaumiwa. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote, kwa sababu mtu amelinganishwa na nafsi yake mwenyewe: elimu ni ile ile, tabia ni ile ile. Basi anayesahau barakoa huku akiwaza ada na kodi tusikimbilie kumwita mzembe.

Mwili nao hulipa. Sheldon Cohen na wenzake waliwatia watu wa kujitolea virusi vya mafua puani. Katika matokeo yao ya mwaka 1998, waliokuwa na msongo uliodumu mwezi mmoja au zaidi, hasa wa kukosa kazi au ugomvi na jamaa, waliugua kwa urahisi zaidi. Yale yalikuwa mafua ya kawaida, si korona, lakini yanaonyesha kwamba wasiwasi wa riziki hauishii kichwani.

Sasa tazama karantini. Mwanzoni, Kenya iliwatoza waliowekwa karantini gharama za kukaa kwao. Kwa mtu asiye na akiba, kupimwa kuligeuka njia ya kuingia deni, na kujificha kukawa na mantiki. Mei 2020 serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama hizo katika vituo vya umma. Hatua hiyo ilistahili kutangulia siku ile ile kituo cha kwanza kilipofunguliwa.