SOMO LA WIKI: Pikapu ya kuvuta trela ikaguliwe chini kabla ya kuzungumza bei

Wanunuzi wengi wa pikapu zilizotumika zinazoshushwa Dar es Salaam na Mombasa hutazama mwaka wa kutengenezwa, injini na bodi. Kwa anayetaka gari la kuvuta trela la mizigo au la boti, liko jambo la nne, nalo ndilo linaloweza kumtia hasara kubwa: hali ya chasisi upande wa nyuma.

Uzito unakaa wapi

Trela iliyopakiwa sawasawa hukandamiza sehemu ya kuvutia kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Trela ya kilo 2,000 huweka kilo 200 hadi 300 kwenye ncha ya chasisi, mbali na mivuto ya kuondoka, kufunga breki na kupita kwenye mashimo. Nguvu hiyo yote hupitia kwenye bolti chache. Chuma kikiwa kimeliwa, bolti zinaweza kubaki nzima huku chuma kinachozishika kikichanika, na trela ikaachana na gari barabarani.

Chumvi ndiyo adui

Uingereza na sehemu za baridi za Japani, kama Hokkaido, hunyunyiza chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Gari la huko linaweza kufika likiwa na bodi safi na chasisi mbovu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini umri peke yake si kipimo cha kutu. Hapa pwani nako, pikapu inayorudishwa nyuma hadi majini ili kushusha boti huingiza maji ya bahari ndani ya chasisi. Maji hukauka, chumvi hubaki, na unyevu wa hewa huendeleza kazi.

Hasara hii haiwapati wanunuzi wadogo tu. Mwaka 2008 kampuni ya Toyota nchini Marekani iliongeza dhamana ya chasisi za Tacoma za 1995 hadi 2000 kufikia miaka 15 kwa sababu ya kutu, na zile zilizoharibika sana ikazinunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake.

Rangi nyeusi si ushahidi

Rangi nzito ya lami inayopakwa chini ya gari hulinda chuma kikavu na kisafi. Ikipakwa juu ya kutu, au ikipasuka, hufungia maji ndani na chuma huendelea kuliwa bila kuonekana. Kinga ya nta au mafuta hubaki laini na hupenya kwenye maungio, ila huoshwa kidogo kidogo, hivyo hurudiwa kila mwaka. Gari kuukuu lenye rangi mbichi chini litiliwe shaka kwanza.

Namna ya kukagua

1. Gari linyanyuliwe, fundi agonge chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu.
2. Bisibisi isukumwe kwenye maungio na kuzunguka bolti. Ikizama, chuma kimekwisha.
3. Tochi imulike ndani ya matundu ya chasisi. Magamba yanayobanduka ni dalili mbaya.
4. Paipu za breki na vishikio vya springi vitazamwe pia.

Hesabu ya mnunuzi

Kutu ya juu juu husuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha kinga; gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei. Paipu za breki hubadilishwa. Chasisi iliyotoboka karibu na sehemu ya kuvutia ni habari nyingine: kiraka cha kuchomelea huficha tundu, hakirudishi nguvu. Gari hilo lisinunuliwe kwa kazi ya trela, hata likipunguzwa bei.

Aliyekwisha nunua aoshe chini kwa maji baridi, pamoja na ndani ya chasisi, kila baada ya kuingia baharini. Maji ni rahisi kuliko chasisi.