KUPUMUA KAMA MVUKUTO: FAIDA NA HATARI

Hata huku Puge watu huuliza juu ya zoezi la yoga la kupasha mwili joto. Huitwa bastrika, neno la Kisanskriti lenye maana ya mvukuto. Wazee wetu Wanyamwezi waliujua mvukuto walipofua majembe.

Hufanywaje?
Mtu huketi wima, huvuta na kutoa pumzi puani kwa nguvu na haraka. Baadaye hukariri mantra, yaani maneno ya sala, polepole.

Mwilini hutokea nini?
Misuli ya kifua na tumbo ikifanya kazi, joto huongezeka. Lakini hewa ya kaboni hupungua mno katika damu. Ndipo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole, hata kuzirai.

Wasiofaa kulifanya:
1. Mama mjamzito.
2. Mwenye shinikizo kubwa la damu au ugonjwa wa moyo.
3. Mwenye kifafa au ngiri.
4. Aliyepasuliwa karibuni.
Mwenye pumu asiache dawa zake.

Kukariri polepole ni jambo jingine. Mwaka 2001 watafiti wa Italia waliwapima watu 23. Salamu Maria kwa Kilatini na mantra, vyote vilipunguza pumzi hadi mara 6 hivi kwa dakika, na moyo ukanufaika.

Tuheshimu sala za wenzetu. Ila barua ya Roma ya 1989 juu ya tafakari ya Kikristo yatuonya: joto la mwili tusilidhanie kuwa faraja ya Roho Mtakatifu.

Ukiona kizunguzungu, acha, keti, pumua taratibu. Kifua kikiuma, wahi hospitali.