Tufani na Malisho ya Baharini

Watoto wa pwani wameyaona majani mabichi yaotayo chini ya bahari, yaonekanayo wakati maji yakupwapo. Majani hayo si mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli, bali majani haya yana mizizi, maua na mbegu, kama majani ya nchi kavu. Ndiyo malisho ya nguva na kasa, na maficho ya kamba na samaki wachanga. Nayo hayawezi kuishi pasipo mwanga wa jua.

Sasa sikilizeni habari ya Hervey Bay, ghuba iliyo katika Queensland, upande wa mashariki wa Australia. Mwaka 1992, katika muda wa majuma machache, mito ilifurika mara 2, na tufani ikapita. Palipo na maji haba, mawimbi yaling'oa majani pamoja na mizizi yake. Je, yale ya kilindini yalisalimika? La. Mito ilikuwa imeleta tope jingi, bahari ikachafuka, na mwanga haukupenya. Siku zikapita, majani yakafa gizani. Malisho yaliyopotea yalizidi kilometa za mraba 1,000.

Basi nguva hawakuuawa na upepo, bali na njaa. Wengi walihama kutafuta chakula, wakakonda. Na miezi mingi baada ya tufani kutulia, mizoga yao ilikuwa ikionekana ufuoni, mingine mbali sana na ghuba ile.

Hata hivyo malisho hayakwisha kabisa. Maji yalipotakata, mbegu ziliota, na baada ya miaka kama 2 majani yalianza kurudi kilindini. Penye maji haba yalikawia zaidi.

Hakuna mtu awezaye kuizuia tufani. Lakini tope hutoka wapi? Hutoka katika nchi kavu. Penye miti na majani, mizizi huushika udongo. Penye kilima kitupu, mvua huuchukua mpaka mtoni, na mto huupeleka baharini. Kwa hiyo mkulima wa bara na mvuvi wa pwani ni majirani, ingawa hawajaonana.

Maswali
1. Majani haya yapitana na mwani kwa mambo gani?
2. Kwa nini majani ya kilindini yalikufa?
3. Mkulima aweza kufanya nini ili kumsaidia mvuvi?